Nikiwa na akili zangu timamu: misingi ya mkataba ndani ya karatasi ya mauziano

Karatasi ya mauziano ya kiwanja, ile inayoandikwa kwa kalamu katika ofisi ya serikali ya mtaa au kuchapwa katika duka la steshenari lililo jirani, ina sentensi ambayo karibu kila Mtanzania aliyewahi kuuza au kununua ardhi anaijua: “Mimi fulani, nikiwa na akili zangu timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, nimemuuzia fulani kiwanja changu kilichopo mahali fulani, chenye ukubwa wa hatua 20 kwa 20, kwa bei ya shilingi milioni nane, na nimepokea fedha zote taslimu mbele ya mashahidi wafuatao.” Chini yake hufuata majina, sahihi, alama za dole gumba, picha ndogo za pasipoti na muhuri. Anayeiandika kwa kawaida hakusomea sheria. Ameinakili kutoka karatasi iliyotangulia, na mwandishi wa karatasi hiyo naye aliinakili kutoka nyingine. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kuzisoma karatasi hizi kwa ajili ya wateja, nimezidi kuamini kwamba sentensi hiyo moja imebeba karibu misingi yote ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Kifungu cha 10 cha sheria hiyo kinasema, kwa maana yake, kwamba makubaliano yote ni mikataba iwapo yamefanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali, na iwapo sheria yenyewe haijayatamka kuwa batili. Akili timamu ni habari ya uwezo, kutoshurutishwa ni habari ya ridhaa, shilingi milioni nane ni malipo, na kiwanja kubadili mmiliki ndilo lengo. Muhuri haumo katika kifungu hicho. Karatasi yenyewe haimo, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine inaidai, na nitafika huko. Mkataba ni yale waliyokubaliana watu wawili, na karatasi ina thamani kwa kadiri inavyoyashuhudia kwa ukweli. Watu wetu hutumia nguvu nyingi kuutafuta muhuri na nguvu kidogo kuhakikisha kwamba wamekubaliana jambo moja, na mashauri mengi huzaliwa katika pengo hilo.

Chimbuko la sheria yetu linafaa kutajwa kwa ufupi kwa sababu linaeleza mengi. Waingereza waliposhika Tanganyika walileta pia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru, Tanganyika ilitunga sheria yake iliyofuata ile ya India karibu kifungu kwa kifungu. Ndiyo maana wakili wa Dar es Salaam au Mwanza hufungua hukumu za India bila kuona haya, kwani mara nyingi hata namba za vifungu zinalingana. Zanzibar ina sheria yake, nayo inatokana na chimbuko hilohilo. Kenya ilichukua njia tofauti: iliiacha sheria ya India na kuelekea moja kwa moja kwenye kanuni za mahakama za Uingereza. Kwa hiyo Mtanzania anayejifunza mikataba kutoka katika vitabu vya Uingereza peke yake atakosea mahali kadhaa, hasa kwenye suala la malipo.

Kabla ya karatasi kuandikwa, kuna mazungumzo, na sheria inayatazama mazungumzo hayo kwa makini kuliko wengi wanavyodhani. Mtu mmoja hutoa pendekezo, mwingine hulikubali, na ukubali huo, kwa mujibu wa kifungu cha 7, lazima uwe kamili na usio na masharti. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mahindi katika soko la Kibaigwa anayemwandikia mnunuzi wa Dar es Salaam ujumbe wa simu: “Nina gunia 200, nakupa kwa shilingi 600 kwa kilo.” Mnunuzi anajibu, “Nitachukua kwa 570.” Jibu hilo si ukubali. Ni pendekezo jipya, na mara linapotolewa lile la kwanza limekufa. Muuzaji akikaa kimya hadi jioni, kisha mnunuzi akaandika, “Haya basi, leta kwa 600,” hawezi kudai kwamba mkataba umeshafungwa, kwa sababu pendekezo la 600 alilizika mwenyewe asubuhi. Bei ikiwa imepanda mchana huo, muuzaji yuko huru kumwambia kwamba sasa ni 650. Kwa mtu aliyezoea kupatana bei sokoni jambo hili linaonekana la kawaida kabisa, na kwa kweli ni la kawaida. Sheria hapa haikufanya zaidi ya kuandika kile ambacho wachuuzi wanakijua.

Ugumu huanza kwenye saa na dakika. Kifungu cha 4 kinasema kwamba ukubali unamfunga mtoa pendekezo pale unapotumwa na kutoka katika uwezo wa mtumaji kuuzuia, lakini unamfunga mkubali mwenyewe pale unapofika katika ujuzi wa mtoa pendekezo. Katika dunia ya barua kulikuwa na siku kadhaa kati ya nukta hizo mbili, na mkubali aliyebadili mawazo aliweza kutuma simu ya maandishi iwahi kabla ya barua yake kufika. Leo, kwa ujumbe wa WhatsApp, nafasi hiyo imebanwa kuwa sekunde chache, ingawa haikufutika: ujumbe uliofika kwenye simu iliyozimwa bado haujawa katika ujuzi wa mtu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeondoa shaka kwamba mkataba unaweza kufungwa kwa ujumbe wa kielektroniki, kwa hiyo anayesema “zile zilikuwa meseji tu” hana mahali pa kujificha. Huko Saskatchewan, Kanada, mwaka 2023, jaji aliamua kwamba emoji ya dole gumba lililoinuliwa, ile picha ndogo ya kwenye simu, ambayo mkulima alimtumia mnunuzi wa kitani baada ya kutumiwa mkataba kwa simu ilitosha kuwa sahihi yake. Uamuzi huo haumfungi jaji yeyote wa kwetu, lakini nimewaonyesha wateja kadhaa wanaojibu kila kitu kwa dole gumba, nao wamepunguza mchezo huo.

Tuje kwenye maneno “bila kushurutishwa na mtu yeyote”. Haya ndiyo maneno yanayonakiliwa kwa wepesi zaidi, na ndiyo yenye uzito zaidi. Sheria inaanza mbali kidogo, katika kifungu cha 13, ambako inasema kwamba watu wameridhiana pale wanapokubaliana jambo moja kwa maana moja. Hapo ndipo zile hatua 20 kwa 20 zinapoleta kesi. Hatua za nani? Mara nyingi aliyepima ni mjumbe au kijana wa muuzaji, mwenye miguu mirefu au mifupi kama Mungu alivyomjalia, na alipima kutoka kwenye mwembe hadi kwenye mfereji, wakati mwembe ulikatwa mwaka uliofuata na mfereji huhama kila masika. Nimewahi kushika karatasi ambayo mpaka wa mashariki ulielezwa kuwa “kwa mama Asha”, na mama huyo alikuwa na viwanja viwili. Muuzaji na mnunuzi walikuwa wanyofu wote wawili, hakuna aliyemdanganya mwenzake, walipeana mikono na soda ikanywewa, lakini kila mmoja alikuwa na ardhi yake kichwani. Kifungu cha 29 kinasema kwamba makubaliano ambayo maana yake haiwezi kujulikana kwa uhakika ni batili. Mahakama kwa kawaida itajitahidi kuokoa mkataba kwa kutafuta ushahidi wa mazingira, mashahidi watapelekwa kiwanjani, mzee wa mtaa ataonyesha mahali mwembe ulipokuwa; lakini shilingi milioni nane hazikutolewa ili mtu anunue nafasi ya kubishana na jirani kwa miaka minne. Mita, alama za kudumu na mchoro mdogo wenye vipimo vya pande zote nne vingesaidia kuliko mashahidi 10.

Baada ya kuhakikisha kwamba ridhaa ipo, sheria inauliza kama ridhaa hiyo ni huru. Inataja mambo matano yanayoiharibu: shurutisho, ushawishi usiofaa, udanganyifu, maelezo yasiyo ya kweli, na makosa. Shurutisho ni rahisi kulielewa, ni panga na vitisho vya jinai. Ushawishi usiofaa ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu hauachi alama. Kifungu cha 16 kinamtazama mtu aliye katika nafasi ya kutawala utashi wa mwenzake, kwa mamlaka, kwa kuaminiwa, au kwa sababu mwenzake amedhoofishwa na umri au maradhi, kisha akaitumia nafasi hiyo kujipatia faida isiyo ya haki. Fikiria bibi wa miaka 80 anayeishi na mjukuu anayempikia, kumpeleka kliniki na kumpokelea fedha za simu, kisha inaonekana karatasi kwamba bibi amemuuzia mjukuu huyo nyumba kwa bei ya pikipiki. Karatasi inasema “bila kushurutishwa”. Kwa kuwa mpango wenyewe unaonekana kuwa wa dhuluma kwa sura yake, sheria inaugeuza mzigo wa kuthibitisha: mjukuu ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba hakuutumia vibaya uhusiano ule. Yale maneno ya kunakili hayatamsaidia sana, maana mtu aliyetawaliwa utashi atatia dole gumba chini ya sentensi yoyote.

Mkataba uliofanywa kwa ridhaa iliyoharibiwa hivyo haufi wenyewe. Aliyedanganywa au kushawishiwa ndiye anayechagua ama kuuvunja ama kuendelea nao, na mdanganyifu hana chaguo hilo. Ila kuna kikwazo ambacho wanunuzi wa ardhi wanapaswa kukijua. Kifungu cha 19 kinasema kwamba ikiwa ridhaa ilipatikana kwa maelezo yasiyo ya kweli, au kwa ukimya wa kilaghai, mkataba hauwezi kubatilishwa iwapo aliyelalamika alikuwa na njia ya kuugundua ukweli kwa juhudi za kawaida. Kwa kiwanja chenye hati, juhudi za kawaida ni kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, kitendo ambacho ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya kiwanja. Mnunuzi aliyetosheka na maneno ya dalali kwamba “hiki hakina shida, kaka” anaweza kuambiwa na mahakama kwamba ukweli ulikuwa unamsubiri kwenye daftari la serikali.

Kuhusu akili timamu sitasema mengi. Umri wa utu uzima ni miaka 18. Kifungu cha 12 kinataka mtu awe na uwezo wa kuuelewa mkataba na kupima kama unamfaa wakati anapoufanya, kwa hiyo hata mwenye maradhi ya akili anaweza kufanya mkataba halali katika kipindi ambacho ametulia, na mtu mwenye akili nzuri anaweza kushindwa kufanya mkataba kwa sababu ya homa kali au pombe iliyompita kiasi. Wakopeshaji wanaopenda kusainisha watu baa saa tano usiku wakumbuke hilo. Kuhusu watoto, uamuzi unaotajwa daima ni wa mwaka 1903, uliotolewa na Baraza la Faragha mjini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, katika rufaa kutoka India, wa Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose. Kijana aliyekuwa bado hajatimiza umri aliweka nyumba rehani kwa mkopeshaji, na wakala wa mkopeshaji alikuwa anajua kwamba ni mtoto. Baraza lilisema kwamba mkataba wa mtoto ni batili tangu mwanzo, na mkopeshaji hakurudishiwa fedha alizotoa. Sheria yetu inasema waziwazi katika kifungu cha 11 kwamba makubaliano ya mtu asiye na uwezo ni batili, ingawa kifungu cha 68 kinamruhusu aliyempatia mtoto mahitaji ya lazima, kama vile chakula au matibabu, kulipwa kutoka katika mali ya mtoto huyo.

Malipo, kwa maana ya kisheria, ni kile ambacho kila upande unatoa, unafanya au unaacha kufanya kwa ombi la mwenzake. Fedha ni aina moja tu. Fundi anayejenga uzio ili alipwe kwa gunia la mchele ametoa malipo, na jirani anayeacha kukushtaki ili umrekebishie ukuta naye ametoa malipo. Na hapa ndipo tunapoachana na Waingereza. Kwao, malipo lazima yatoke kwa yule anayeidai ahadi, na kitendo kilichokwisha kufanywa zamani kwa kawaida hakitoshi. Kwetu, kifungu cha 2 kinaruhusu malipo yatoke kwa mwahidiwa “au mtu mwingine yeyote”, na kinakubali jambo lililokwisha kufanywa, mradi lilifanywa kwa ombi la mtoa ahadi. Mkitaka kuona tofauti hiyo inavyofanya kazi, mtazameni kaka anayempa mdogo wake shamba kwa sharti kwamba mdogo amlipe mama yao kiasi fulani kila mwezi, na mdogo akamwahidi mama hivyo kwa maandishi. Mama hakutoa chochote. Mwaka 1881 mahakama ya Madras ilikabiliwa na shauri la namna hii kati ya wanawake wawili na kusema kwamba ahadi inadaiwa, kwa sababu malipo yalitoka kwa mtu mwingine. Nadhani sheria hiyo inafaa zaidi kwa jamii zetu, ambako mali na majukumu ya familia hupita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kutulia.

Sheria haiulizi kama bei ilikuwa nzuri. Katika sheria ya India kuna mfano wa farasi wa thamani ya rupia 1,000 aliyeuzwa kwa rupia 10, na mfano unasema kwamba mkataba unasimama ikiwa ridhaa ilikuwa huru. Ila bei ya kutupa huifanya mahakama iinue macho na kujiuliza kama ridhaa hiyo ilikuwa huru kweli, na hapo tunarudi kwa bibi na mjukuu wake. Ahadi tupu isiyo na malipo kwa kawaida haidaiwi. Mjomba aliyesema mbele ya harusi nzima kwamba atamnunulia bwana harusi gari, na kupigiwa vigelegele, hawezi kupelekwa mahakamani kwa maneno hayo, isipokuwa kama ahadi yake iliandikwa, ikasajiliwa, na ilitolewa kwa mapenzi ya asili kati ya ndugu wa karibu, kama kifungu cha 25 kinavyotaka. Sijawahi kuona mjomba aliyefika kwa msajili.

Kuhusu lengo halali, kila mtu anaelewa kwamba mkataba wa kuuza pembe za ndovu au wa kumhonga mtu hauwezi kudaiwa. Kinachonisumbua ni mikataba inayovaa nguo za mkataba mwingine. Katika miji yetu kuna mikopo ambayo watu wameipa jina la “kausha damu”, na baadhi ya wakopeshaji wake hawamwandikii mkopaji mkataba wa mkopo. Wanamwandikia mkataba wa mauziano. Mama anayehitaji milioni mbili kwa ajili ya matibabu anaambiwa atie sahihi karatasi inayosema kwamba, akiwa na akili zake timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, ameuza nyumba yake kwa milioni mbili, na anaahidiwa kwa mdomo kwamba karatasi itachanwa atakapolipa. Mwezi wa tatu anapochelewa, anakuja mtu na barua ya kumtaka aondoke. Sheria ya Ushahidi inamfanya mama huyu aanze vibaya, kwa sababu kanuni yake ya jumla ni kwamba masharti yaliyowekwa katika maandishi hayapingwi kwa maneno ya mdomo. Bahati nzuri kanuni hiyo ina milango, na mmoja wake ni ushahidi wa udanganyifu au jambo lolote linalobatilisha waraka wenyewe. Hapo ndipo kumbukumbu za malipo ya kila wiki kupitia simu huwa na thamani kubwa, maana mtu aliyeuza nyumba yake halipi riba kila Jumatatu kwa aliyemuuzia. Mkopeshaji asiye na leseni anakiuka pia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba hakikubali makubaliano ambayo lengo lake ni kuikwepa sheria. Bado, kesi hizi si nyepesi, na nisingependa mtu yeyote ajifariji kwamba atashinda. Dawa yake iko kabla ya sahihi: usitie jina lako chini ya sentensi isiyosema kile mlichokubaliana, hata ikiwa anayekupa kalamu anatabasamu.

Niliahidi kurudi kwenye karatasi na muhuri. Mikataba mingi ya maisha ya kila siku, kama vile kununua simu, kumwajiri fundi, au kukodi gari la maharusi, ni halali kwa mdomo. Ardhi ni tofauti. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe katika maandishi, au kuwe na kumbukumbu yake ya maandishi. Hivyo kwa kiwanja, karatasi ni ya lazima, ila haitoshi. Kama kiwanja kina nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuiuza, kuiweka rehani au kuipangisha bila ridhaa ya mwenzake, na sahihi ya muuzaji peke yake, hata ikizungukwa na mihuri mitano, haijazi nafasi ya mwenza aliyekuwa safarini. Kama ardhi ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji ina nafasi yake kisheria, na mwenyekiti mmoja aliyekutwa nyumbani kwake Jumapili si halmashauri. Ushuru wa stempu nao usisahauliwe, kwa sababu waraka usiolipiwa hukataliwa kupokewa kama ushahidi hadi ulipiwe. Na ile asilimia 10 inayodaiwa katika ofisi nyingi za mitaa mnunuzi anapopeleka karatasi? Hakuna mahali popote katika Sheria ya Mikataba ambapo uhalali wa mauziano umefungwa kwenye fedha hiyo. Ninawaeleza wateja hivyo, wanatikisa kichwa, kisha wanaenda kulipa, kwa sababu wanaogopa siku ya mgogoro mwenyekiti asije akasema hawajui.

Mkataba ukishafungwa, mahakama zetu hazipendi visingizio. Katika shauri la Abualy Alibhai Azizi dhidi ya Bhatia Brothers, lililoripotiwa mwaka 2000, Mahakama ya Rufani ilikabiliwa na hoja ya kujinasua katika mauziano ya ardhi kwa sababu kibali kinachotakiwa kisheria hakikuwa kimepatikana. Mahakama ilieleza kwamba mkataba wa namna hiyo haufi kwa kukosa kibali, unasubiri tu kibali ili uanze kufanya kazi, na ikasisitiza kwamba pale ambapo hakuna ukosefu wa uwezo, udanganyifu, maelezo yasiyo ya kweli wala maslahi ya umma yanayoupinga, mkataba lazima uheshimiwe. Mawakili hulitaja shauri hilo karibu kila wiki, na sababu inaeleweka: muuzaji aliyeona bei za viwanja zimepanda baada ya barabara ya lami kupita ghafla hugundua kasoro ambazo hakuziona siku alipohesabu fedha.

Anayevunja mkataba hulipa fidia, lakini kwa mipaka. Kifungu cha 73 kinampa aliyeumizwa hasara inayotokana na uvunjaji huo kwa mwenendo wa kawaida wa mambo, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Kanuni hii inarudi kwa kinu cha Gloucester, Uingereza, mwaka 1854, ambacho mhimili wake ulivunjika na msafirishaji akachelewa kuupeleka kwa watengenezaji. Kinu kikakaa bila kazi, na mwenye kinu akanyimwa faida aliyoikosa kwa sababu msafirishaji hakuambiwa kwamba kazi yote ilikuwa inausubiri mhimili huo mmoja. Kwa hapa kwetu, mwenye lori anayepakia nyanya Ilula kuja Dar es Salaam anajua bila kuambiwa kwamba nyanya zinaoza, na akilala njiani siku mbili bila sababu atailipa hasara hiyo. Hajui kwamba mwenye nyanya alikuwa na zabuni ya kulisha hoteli ambayo ingempa faida mara tatu, isipokuwa kama aliambiwa. Ukiwa na hasara ya pekee inayokunyemelea, itaje siku ya kukubaliana. Na aliyeumizwa hatakiwi kukaa na kutazama hasara ikinenepa. Kama lori jingine lilipatikana, mahakama itauliza kwa nini hakulichukua.

Vile vipengele vya “atakayevunja mkataba huu atalipa mara mbili” vinawatia watu hofu kuliko vinavyostahili. Kwa kifungu cha 74, kiasi kilichoandikwa ni dari. Mahakama inatoa fidia inayofaa isiyozidi kiasi hicho, na mara nyingi inayofaa ni ndogo kuliko iliyoandikwa.

Mwisho kuna saa inayohesabu. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kufungua shauri la mkataba tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na mahakama itaiona tarehe hiyo hata kama mdaiwa hakuitaja. Lakini Sheria ya Mikataba imeacha njia katika kile kile kifungu cha 25: ahadi ya maandishi, iliyotiwa sahihi na mdaiwa au wakala wake, ya kulipa deni lililopitwa na ukomo, lote au sehemu yake, ni mkataba unaodaiwa ingawa hakuna malipo mapya yaliyotolewa. Mdai ambaye deni lake limevuka mwaka wa sita, na ambaye bado anaheshimiana na mdaiwa wake, hana haja ya kuanza na wakili. Aende na karatasi moja yenye kiasi, tarehe za kulipa na nafasi ya sahihi, na amwombe mdaiwa aisome kwanza.